Kontrola ya Taa za Jukwaa kwa Bendi Ndogo: Hesabu Chaneli Kabla ya Kulipa

Mwaka jana bendi ya kaka yangu ilipata kazi ya kupiga muziki kwenye harusi huko Thika. Ni bendi ya watu watano: gita, besi, kinanda, ngoma na mwimbaji ambaye pia ndiye dereva. Walikuwa na taa nne za LED walizonunua moja moja, na kila shoo walikuwa wanaweka kando shilingi 500 kila mtu ili siku moja wanunue kontrola ya taa. Kaka yangu ndiye mweka hazina, kwa hivyo pesa zilikaa kwenye simu yake.

Wiki ya harusi akaona tangazo mtandaoni: kontrola ya chaneli 192, bei ya kutupa. Akatuma 11,500 kwa nambari ya kibinafsi ya muuzaji. Mzigo ulifika kesho yake kwa matatu, salama kabisa. Wakaufungua siku yenyewe ya harusi, saa sita mchana, wageni wakiwa wameanza kuingia.

Kumbe taa mbili kati ya zile nne hazikuwa na tundu la kuchomeka waya wa kontrola. Zile mbili nyingine ziliwaka, lakini ukisukuma nyekundu, moja inakuwa kijani na nyingine inametameta. Mwishowe walikata tamaa wakaziweka zote kwenye hali ya kufuata sauti. Basi pasta alipoanza kuombea maharusi kwenye maikrofoni, kila neno lake likawasha rangi mpya. Nyekundu, bluu, kijani, amina.

Muuzaji alipopigiwa simu alisema, "Kontrola ni nzima, shida ni taa zenu." Na ukweli ni kwamba alikuwa sawa. Hakuna aliyewaibia. Walinunua kitu kizuri kisichowafaa, na pesa ya miezi mitano ikaisha hivyo. Bendi ilikaa wiki mbili bila mazoezi kwa sababu ya kulaumiana.

Leo tutaangalia jinsi ya kuepuka hasara ya aina hii. Kama uko kwenye bendi, kwaya, kikundi cha vijana, au wewe ni DJ wa shughuli ndogo, soma hadi mwisho. Sehemu ya kwanza ni kuhusu kifaa. Sehemu ya pili ni kuhusu pesa yako.

Kwanza, kontrola inafanya nini?

Taa nyingi za jukwaa za siku hizi huongozwa kwa lugha moja inayoitwa DMX512. Lugha hii ilianza mwaka 1986 nchini Marekani, na mpaka leo ndiyo inayotumika kwenye majukwaa makubwa na madogo. Waya mmoja unatoka kwenye kontrola, unaingia taa ya kwanza, unatoka hapo kwenda taa ya pili, na kuendelea hivyo hadi ya mwisho. Ndani ya waya huo kuna nafasi hadi 512, na kila nafasi inaitwa chaneli. Kila chaneli hubeba namba kati ya 0 na 255. Sifuri ni kuzima, 255 ni mwisho wa nguvu.

Fikiria ploti yenye milango mingi. Mtu wa barua anapita akitaja kila ujumbe na namba ya mlango wake. Ujumbe wote unasikika kwenye ploti nzima, lakini kila nyumba inachukua ule wa mlango wake tu. Taa nayo inafanya hivyo hivyo. Unaipa anwani, yaani chaneli inayoanzia kusikiliza, kisha inachukua chaneli zake kuanzia hapo.

Taa moja ya LED ya bei nafuu inaweza kutumia chaneli 7. Kwa mfano:

1. Mwangaza wa jumla
2. Nyekundu
3. Kijani
4. Bluu
5. Kumetameta
6. Kuchagua programu iliyo ndani ya taa
7. Kasi ya programu hiyo

Mpangilio huu hubadilika kutoka taa moja hadi nyingine. Hapo ndipo bendi ya kaka yangu ilipokwama: taa mbili za kampuni tofauti, mpangilio tofauti, na anwani ambazo hakuna aliyezigusa.

Hatua ya 1: Geuza taa zako uangalie nyuma

Kabla hujafungua tangazo lolote, chukua simu yako upige picha mgongo wa kila taa uliyo nayo. Tafuta vitu vitatu.

*Matundu ya DMX.* Yanafanana na tundu la waya wa maikrofoni. Moja limeandikwa DMX IN, lingine DMX OUT. Yasipokuwepo, taa hiyo haiwezi kuongozwa na kontrola ya waya hata ukinunua ya bei gani.

*Idadi ya pini.* Kiwango rasmi cha DMX ni pini 5, lakini taa nyingi za bei nafuu huja na pini 3. Kontrola ikiwa ya pini 5 na taa ni za pini 3, utahitaji kiunganishi cha kubadilisha. Si tatizo kubwa, ila ni gharama nyingine ambayo hukuipangia.

*Skrini ndogo au vibonyezo vya kuweka anwani.* Mara nyingi utaona kitu kama d001 au A001. Hiyo ndiyo anwani. Zipo taa za zamani zenye safu ya viswichi vidogo badala ya skrini, nazo pia zinafanya kazi.

Kisha tafuta kitabu cha maelezo cha taa hiyo. Kama kilipotea, andika mtandaoni jina na namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko. Unachotafuta ni jedwali la chaneli. Taa nyingi zina hali zaidi ya moja, kwa mfano chaneli 4 au chaneli 7, na wewe ndiye unayechagua.

Hatua ya 2: Hesabu chaneli unazohitaji

Hii ni hesabu ya darasa la tatu. Taa 4 zenye chaneli 7 kila moja ni chaneli 28. Ukizipanga zikifuatana, anwani zitakuwa 1, 8, 15 na 22.

Lakini kuna mtego hapa. Kontrola maarufu za chaneli 192 zimegawanywa kwa taa 12, na kila taa imetengewa chaneli 16 (12 × 16 = 192). Kontrola ya aina hii haijali kwamba taa yako inatumia 7 tu. Kitufe cha taa ya pili kinaanzia chaneli 17 moja kwa moja. Kwa hivyo anwani zako zinapaswa kuwa:

- Taa ya kwanza: 1
- Taa ya pili: 17
- Taa ya tatu: 33
- Taa ya nne: 49

Ukiweka 8 badala ya 17, taa ya pili itafuata kitufe cha taa ya kwanza badala ya kitufe chake. Watu wengi hurudisha kontrola dukani wakidhani imeharibika, kumbe ni anwani tu.

Na kama unataka taa mbili zifanye kitu kimoja, zipe anwani moja. Mbili za kushoto ziwe 1, mbili za kulia ziwe 17. Kazi inapungua nusu.

Hatua ya 3: Jiulize nani atabonyeza

Hili ndilo swali ambalo watu husahau. Bendi kubwa ina mtu wa taa. Bendi ndogo ina mpiga kinanda mwenye mikono miwili, na yote miwili ina kazi. Kontrola inayokufaa ni ile ambayo kuna mtu wa kuitumia. Angalia chaguo hizi nne.

*Usinunue kontrola kabisa.* Kama taa zako zote ni za modeli moja, nyingi zina hali ambapo taa moja inaongoza na nyingine zinaifuata. Unahitaji waya tu. Ubaya ni kwamba unabaki na programu za kiwandani, huwezi kuzituliza wakati wa maombi au hotuba kwa urahisi.

*Kontrola ndogo ya vitufe vichache.* Inafaa taa za rangi tu. Unachagua rangi, kasi, basi. Mtu yeyote anajifunza kwa dakika tano. Lakini hakikisha inakubali mpangilio wa chaneli wa taa zako, kwa sababu nyingine hutaka taa zenye chaneli 3 zinazoanza na nyekundu.

*Kontrola ya kukanyaga kwa mguu.* Inakaa sakafuni kama pedali ya gita. Kwa bendi isiyo na mtu wa taa, hii inasaidia sana, kwa sababu mpiga gita anabadilisha mandhari bila kuacha nyuzi.

*Kontrola ya chaneli 192.* Ina vitelezi 8 vya kusukuma juu na chini, na kitufe cha kuhama kutoka chaneli 1–8 kwenda 9–16. Nzuri yake ni kwamba unahifadhi mandhari mapema nyumbani. Nyingi zina benki 30 zenye mandhari 8 kila moja, yaani 240. Huhitaji 240. Unahitaji kama sita: ya joto kwa nyimbo za polepole, ya bluu, ya kucheza, nyeupe ya hotuba, moja ya kuingia kwa maharusi, na giza.

Kuna pia njia ya laptopu. QLC+ ni programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na unachohitaji kununua ni adapta ya kutoka USB hadi DMX. Kama tayari mna laptopu nzuri na mtu anayependa mambo hayo, mtapata uwezo mkubwa kwa pesa kidogo. Lakini jiulize: laptopu ikizima katikati ya shoo, nani ataiwasha?

Kwa maoni yangu, bendi yenye taa nne hadi nane na rafiki mmoja anayeweza kukaa pembeni itatosheka na kontrola ya chaneli 192. Bendi isiyo na rafiki huyo itafute ya mguu. Usilipie chaneli 512 kwa sababu tu namba ni kubwa.

Hatua ya 4: Usisahau vitu vidogo

*Waya.* Waya wa maikrofoni unaingia kwenye tundu la pini 3, na kwa umbali mfupi mara nyingi utafanya kazi. Lakini haukutengenezwa kwa kazi hiyo, na siku moja utaona taa zinapepesa bila sababu. Waya wa DMX ndio sahihi. Nunua idadi sawa na taa zako, na mmoja wa akiba.

*Kifunga mwisho.* Ni plagi ndogo yenye kizuizi cha umeme cha ohm 120, inachomekwa kwenye DMX OUT ya taa ya mwisho. Inazuia ishara kurudi nyuma na kuvuruga taa. Fundi yeyote wa vifaa vya sauti anaweza kukutengenezea.

*Adapta ya stima.* Soma volti iliyoandikwa mgongoni mwa kontrola na ulinganishe na adapta. Usichomeke adapta ya kifaa kingine kwa sababu tu imeingia. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuunguza kontrola mpya.

Hatua ya 5: Dakika kumi dukani

Ukienda Luthuli Avenue Nairobi au duka la vifaa vya muziki mjini kwenu, beba taa yako moja na waya mmoja. Ndiyo, ibebe kwenye begi. Muuzaji wa kweli hatakataa kukuonyesha. Mwombe afanye haya ukiangalia:

- Awashe kontrola na taa yako, na kila kitelezi kibadilishe kitu kimoja kinachoeleweka.
- Ahifadhi mandhari mbili, azime kontrola, aiwashe tena. Mandhari zibaki.
- Abonyeze kitufe kilichoandikwa BLACKOUT. Taa izime mara moja, na ikibonyezwa tena irudi.
- Asukume vitelezi vyote kutoka chini hadi juu. Kisiwepo kinachokwama au kinachofanya taa iruke ruke.
- Akupe kitabu cha maelezo na adapta yake.

Kama unanunua kutoka mbali, omba video fupi ya mambo haya, na mtumie picha ya mgongo wa taa yako. Muulize: "Hii itaongoza taa hii?" Jibu lake liwe kwa maandishi.

Sasa tuongee pesa

Hapa ndipo sisi tunaingia. Kulipa kwa simu ni haraka, na uharaka huo ni mzuri ukishamaliza kuamua. Ukilipa kabla ya kuamua, unakuponza. Fuata haya.

*Lipa kwa nambari ya till au Paybill ya biashara pale inapowezekana.* Malipo hayo yanabeba jina la biashara, na ukihitaji kufuatilia una pa kuanzia. Till peke yake haithibitishi kwamba bidhaa ni nzuri, lakini ukituma kwa nambari ya kibinafsi unabaki na jina la mtu tu.

*Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kukubali malipo.* Jina la duka likiwa moja na jina la skrini likiwa lingine, simama. Muulize muuzaji. Akianza kukuharakisha kwamba kuna mteja mwingine anangoja, mwache huyo mteja anunue.

*Lipa baada ya kuona.* Kwa mzigo wa mbali, jadiliana kulipa ukipokea, au lipa sehemu ndogo ya nauli kwanza na nyingine ukishajaribu. Ukishatuma pesa yote, nguvu ya kujadiliana imekutoka.

*Weka ujumbe wa muamala.* Usiufute. Omba pia risiti yenye modeli ya kifaa, tarehe na muda wa dhamana. Ujumbe wa simu unaonyesha kwamba ulilipa. Risiti inaonyesha ulilipia nini. Unahitaji vyote viwili.

*Elewa kurudishiwa pesa kunamaanisha nini.* Ukikosea nambari, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, kabla pesa haijatumika. Lakini huduma hiyo ni ya pesa iliyoenda kwa mtu asiye sahihi. Kama ulilipa mtu sahihi kwa kifaa kisichokufaa, hayo ni mazungumzo yako na muuzaji. Kaka yangu alijaribu njia hii, na jibu lilikuwa hilo hilo.

*PIN yako ni yako.* Hakuna muuzaji, wala mfanyakazi wetu, anayehitaji PIN yako ili "kuthibitisha oda".

Pesa ya bendi si ya mtu mmoja

Mweka hazina mwaminifu anaweza kuonekana mwizi kama hakuna kumbukumbu. Kubalianeni mambo matatu: pesa ikae kwenye akaunti au laini ya kazi, si ile ya matumizi ya nyumbani; ununuzi wowote mkubwa ukubaliwe na angalau watu wawili kwenye kikundi cha WhatsApp; na ujumbe wa kila malipo upigwe picha na kutumwa hapo siku hiyo hiyo.

Kabla ya kukopa kwa simu ili mnunue kontrola, fanyeni hesabu ya shoo. Tuseme kontrola, waya na vikorokoro vyote ni 12,000, na kila shoo mnaweza kutenga 1,500 baada ya nauli na chakula. Hizo ni shoo nane. Kama mnapata shoo mbili kwa mwezi, ni miezi minne. Je, mkopo wenyewe unataka kulipwa kwa siku 30? Basi haulingani na kazi yenu. Ni heri kukodi kontrola kwa shoo mbili tatu. Mtajifunza kuitumia, mtajua kama inawafaa, na mtakaponunua hamtakuwa mnabahatisha.

Wale watu watano wako wapi leo?

Waliuza zile taa mbili zisizo na matundu, wakaongeza pesa, wakanunua mbili za modeli sawa na zilizobaki. Ile kontrola ya 11,500 bado wanayo, na sasa inafanya kazi vizuri. Anwani ni 1, 17, 33 na 49, zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito mgongoni mwa kila taa. Kwenye harusi iliyofuata pasta aliomba chini ya mwanga mweupe uliotulia. Hakuna mgeni aliyeziongelea taa usiku huo, na kaka yangu alifurahi sana kwa sababu hiyo.

Kabla ya kutuma pesa wiki hii, fanya jambo moja: geuza taa zako, piga picha, hesabu chaneli. Mtumie pia makala hii yule anayeshika pesa za kikundi chenu. Akiisoma kabla ya kununua, atakushukuru.